Joka langu halipulizi moto

Tangu sehemu ya pili ya Nchi za Mgongo, riwaya yangu ya nchi ya kubuni, itoke, maswali yananifuata kila ninapokwenda. Yananikuta kwenye daladala ya Uyole, kwenye foleni ya benki, sokoni Mwanjelwa nikiwa nimeinamia viazi. Mengi ni mazuri kuliko majibu niliyonayo. Machache yana uchokozi, na hayo nitayajibu pia, maana mwandishi akinyamaza wasomaji hujijibu wenyewe, na majibu yao yakishaenea hayarudi.

Niseme kitu kimoja mapema. Msomaji akiniambia "hapa dada umetia chumvi", mara nyingi huwa ameweka kidole palepale ambapo sikubuni chochote. Nilivyovibuni kwa raha zangu, nimejifunika blanketi na chai pembeni, vinapita bila kuulizwa. Hakuna hata mtu mmoja aliyenihoji kuhusu daraja la ukungu. Ukungu unaganda, msafara unapita juu yake na punda zake, wasomaji wanafungua ukurasa unaofuata. Sura inayofuata kuna daraja la jiwe ambalo halikujengwa na mtu, mto unapita chini yake, na hilo nimeambiwa haliwezekani. Liko Kiwira. Linaitwa Daraja la Mungu, na wikiendi watu wanakwenda kupiga picha.

Joka basi, kwa kuwa ndilo linaloulizwa kuliko yote. Kijana mmoja wa chuo hapa Mbeya alinieleza kwa uchungu kabisa: "Dada, joka gani haliruki, halipulizi moto, limelala tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho? Hilo si joka, ni mlinzi wa usiku." Nilicheka mpaka nikaweka kalamu chini. Lakini Nyamlala, ndilo jina la joka hilo, nitamtetea.

Huku kwetu majoka hayakai angani. Yanakaa kwenye maji na chini ya ardhi. Panda milima ya Poroto uende Ziwa Ngosi, ukisikiliza wenyeji njiani utapewa habari za nyoka kabla hujafika. Unapita msituni kwenye matope, unashika mizizi, unaapa hutarudi tena, halafu miti inakatika ghafla na ziwa liko chini kabisa, la kijani, kuta zake zimesimama wima kulizunguka. Ni tundu la volkano lililojaa maji. Mlima Rungwe, wenye mita 2,960 hivi, nao ni volkano. Jirani yake Kyejo ulimwaga lava mara ya mwisho karibu mwaka 1800 kwa makadirio ya wataalamu, na hiyo ni juzi tu; babu wa babu ya mtu angeweza kuiona ikishuka. Milima hii haijafa. Imelala, na kinachopumua usingizini kinatoa pumzi.

Pumzi hiyo ipo. Sehemu kadhaa za Rungwe ardhi inatoa gesi ya kaboni daioksidi, na karibu na Kyejo gesi hiyo inavunwa na kuuzwa kwa viwanda, vikiwemo vya vinywaji. Haionekani, nayo ni nzito kuliko hewa. Asubuhi isiyo na upepo inatuama kwenye vishimo na mabonde madogo kama maji, ila maji yasiyoonekana. Ndege akitua pabaya hainuki. Ndiyo maana kwenye sehemu ya kwanza, pale shujaa wangu Sekela anapotangulia mbele ya mbuzi, amefunga koroboi kwenye ncha ya fimbo na anaishusha chini kila baada ya hatua chache. Moto ukinywea, anasimama. Ukizimika, anarudi nyuma na kuzungukia juu, na hasemi na mtu mpaka wapite. Mtu mzima anaweza kuvuka kibonde hicho wima na asijue kitu. Mbuzi anakufa kwanza, mtoto anafuata, kwa sababu pua zao ziko chini.

Sasa kijana wangu, ukishapata joka linaloua hivyo, bila sauti, bila hata kuamka, moto wa nini tena?

Nije kwenye fuvu. Hapa nitakaa kidogo.

Waliosoma wanajua: vita kubwa inapokwisha kwenye sehemu ya pili, mataifa yanakaa kuandikiana mkataba, na katikati ya habari za mipaka, fidia na meli, kuna kifungu kinachodai kirudishwe kichwa cha Mtwa, yaani mtawala, Ligonda, aliyekufa miaka mingi kabla ya vita hiyo kuanza. Mwalimu mmoja mstaafu, msomaji makini anayenirekebishia hata koma, aliniambia kwa upole kwamba hapo nilizidisha. Watu wazima wenye majeshi na hazina, alisema, hawawezi kukaa mezani wakajadili fuvu moja la mtu wa milimani.

Shikamoo Mwalimu. Walikaa.

Mimi nimezaliwa Iringa, na habari hii tulikua nayo. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, jeshi la Mtwa Mkwawa wa Wahehe lilikivizia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, likakivunja, na Zelewski mwenyewe akauawa. Wajerumani walijipanga upya, wakaja na mizinga, na mwishoni mwa Oktoba 1894 wakaiteka ngome ya Kalenga. Mkwawa hakushikwa. Alikaa porini karibu miaka minne akiwasumbua, na tarehe 19 Julai 1898, alipozingirwa kule Mlambalasi, alijipiga risasi ili asiangukie mikononi mwao. Wakamkata kichwa. Mwili ukazikwa Mlambalasi, kichwa kikachukuliwa.

Vita Kuu ya Kwanza ikaja ikapita. Mwaka 1919 mataifa yakasaini Mkataba wa Versailles, mkataba uliochora upya ramani ya Ulaya, na ndani yake kipo kifungu cha 246. Kinaitaka Ujerumani, ndani ya miezi sita, ikabidhi kwa serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa. Kifungu hichohicho kinaagiza pia Kurani ya Khalifa Uthmani irudishwe kwa mfalme wa Hijazi, kule Uarabuni. Msahafu na fuvu, aya mbili zinafuatana. Mimi nisingethubutu kuvibandika pamoja kwenye riwaya. Msomaji angeniuliza vinahusiana nini.

Miezi sita ilipita, na miaka ikapita, Ujerumani ikisema fuvu haijulikani liliko. Ilifika miaka ya 1950 ndipo Edward Twining, Gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, akalifuatilia mwenyewe hadi makumbusho ya Bremen, ambako mafuvu yaliyokusanywa makoloni yalikuwa yamepangwa kwa wingi. Likachaguliwa moja kwa kulinganisha vipimo vyake na vichwa vya watu wa ukoo wa Mkwawa walio hai, na kwa kuwa lilikuwa na tundu la risasi. Mwaka 1954 likakabidhiwa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Liko Kalenga hadi leo, ndani ya kioo. Mwili uko Mlambalasi. Kichwa kiliporudi hakikwenda kuungana nao.

Kwa hiyo wasomaji wanaponiuliza, kati ya mafuvu matatu yanayodaiwa kuwa ya Ligonda, lipi hasa ndilo lenyewe, wanakuwa wameniuliza swali ambalo sikuliandikia jibu na sitaliandikia. Sehemu ya tatu haitalifichua. Hakuna bibi kizee atakayetokea sura ya mwisho na siri kifuani. Kilichonivutia kuandika ni ile siku ya kulipokea: watu wamejipanga barabarani, fuvu linapita, na kila mmoja anaamua moyoni mwake anaomboleza nani. Sisi tulipopelekwa Kalenga na shule tulisimama mbele ya kioo, mvulana mmoja msumbufu kuliko wote darasani akavua kofia bila kuambiwa. Hakuna aliyetusomea vipimo vya Bremen, na sidhani vingebadilisha kitu.

Kuna msomaji anasema nampendelea Ligonda, kwamba Mkwawa mwenyewe alikuwa mkali na aliwapiga majirani kabla ya kupigana na Wajerumani. Ni kweli, alikuwa mkali. Ligonda pia ni mkali. Soma tena sura ya ng'ombe wa Vumbi. Sikuandika malaika.

Swali la akina mama. Limekuja kwa namna nyingi ila kiini chake ni hiki: wazazi wa Upande wa Mvua kitabuni wana roho gani, wanawatoa watoto wa kiume nyumbani wakiwa na miaka kumi wakajenge kijiji chao? Mama mmoja wa Kyela alikasirika kweli. Nilimwambia, mama, hao si watu wa mbali, hao ni babu zenu, akasema hajawahi kusikia.

Mimi ni Mhehe niliyeolewa Unyakyusa, na haya sikuyapata kwenye vitabu kwanza. Niliyapata kupitia ukuta. Wanaojua mila za kwetu huku wanajua mkwe wa kike na baba mkwe hawazoeani: hamkai chumba kimoja, hamtazamani, hampishani kwenye njia nyembamba, mmoja anaingia migombani mwenzake apite. Siku hizi vijana wengi wameacha, lakini baba mkwe wangu ni mtu wa zamani. Basi jioni anakaa sebuleni na wajukuu, mimi niko jikoni, na anasimulia. Sauti yake inapanda kidogo kila anapofika penye utamu, na hapo najua anajua kwamba nimezima jiko la mchina ili nisikie. Hatujawahi kuzungumza ana kwa ana, na nusu ya kitabu changu ni yake.

Alisimulia jinsi wavulana walivyojenga vibanda vyao pembeni ya kijiji cha baba zao, wanalala huko pamoja, wa rika moja, na wanarudi kula kwa mama. Hawali kila mtu kwao: wanakwenda kundi zima, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Wanakua, wanaoa, wanaleta wake pale, na kile kibanda cha kuchezea kinakuwa kijiji kamili chenye mashamba. Mara moja katika kizazi, wazee wanakabidhi rasmi nchi kwa rika hilo na kujiweka kando. Baadaye nikagundua kwamba Monica Wilson na mumewe Godfrey, wanaanthropolojia walioishi Unyakyusa miaka ya 1930, waliyaandika haya kwa kirefu, na vijiji hivyo vya rika vikasomwa vyuoni nchi za mbali. Mama wa Kyela hajui, mwanafunzi wa Uingereza anajua. Haya.

Kwa mwandishi wa riwaya za falme na vita, huo ni mgodi. Kila hadithi ya aina hii inapigania kiti: nani mtoto halali, nani alibadilishwa utotoni, nani ana alama begani. Mimi nilichoka na alama begani. Kwenye Upande wa Mvua kiti hakigombewi na ndugu. Kinagombewa na rika. Baba zao wanatakiwa kuzima moto wote wa nchi siku moja na kuwaachia vijana wawashe mpya, na mwaka huu baba zao wanasema vijana hawajakomaa. Mwakani wanasema hivyohivyo. Vijana wenyewe sasa wana mvi za kwanza. Huo ndio ugomvi wote wa sehemu ya pili, na nimeshangaa ni wangapi wamenipigia simu kuniuliza nilikuwa namsema nani serikalini. Nilikuwa nasema habari za moto jamani.

Kuhusu ramani. Mnaomba ramani, na mchoraji yupo kazini. Ila acheni kunipimia kilomita. Watu wa Mgongo wanapima kwa siku za mbeba mzigo, na siku ya mbeba mzigo mvua ikinyesha si sawa na ya kiangazi. Aliyeniuliza iwezekanaje mlima mmoja uwe na mafuriko upande huu na vumbi upande ule, achukue basi. Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mawingu yanayotoka Ziwa Nyasa yanagonga milima na kumwaga karibu yote hapohapo. Vuka milima ushuke Usangu, hupati hata nusu ya mvua hiyo. Upande mmoja ndizi na chai, upande wa pili mbuga ya ng'ombe na mpunga wa kumwagilia kwa mito inayoshuka kutoka milima ileile. Anayeishi juu ameshika bomba la anayeishi chini. Vita ya pili ilianzia hapo, sikuhitaji mchawi mbaya wa kuianzisha.

Tukitaja mchawi, tuseme. Swali linauliza kanuni za nguvu za ajabu ndani ya kitabu: nani anazo, zinatoka wapi, zinaisha vipi.

Zinatoka kwenye viazi. Wengi mmecheka hapo, na mmoja amesema ni ushamba wa Mbeya, kila kitu viazi. Si hivi vya chipsi. Kule Kitulo, kwenye uwanda uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, mvua zikianza nyasi zote zinageuka maua, ndiyo maana panaitwa Bustani ya Mungu. Mengi ya hayo maua ni okidi, aina zaidi ya 40, na baadhi zina viazi vidogo chini, vya ukubwa wa kidole gumba. Viazi hivyo ndivyo vinavyotengenezwa chikanda: vinakaushwa, vinatwangwa, unga unachanganywa na wa karanga, unachemshwa na magadi na pilipili hadi ugande, unakatwa vipande kama mkate. Zambia wanaupenda mno, na okidi zao zilipopungua, wanunuzi wakaelekeza macho huku. Magunia yamekuwa yakivuka Tunduma kwa miaka. Kuchimba kiazi ni kuua mmea. Unachimba kwa jembe dogo, unapata viwili, kimoja kimekauka cha mwaka jana na kimoja kibichi cha mwaka huu, na kile kibichi ndicho kingetoa ua msimu ujao.

Nilisimama Kitulo nikatazama vishimo hivyo, vidogo, vimetapakaa kwenye nyasi, nikajua kanuni yangu nimeipata. Kwenye Nchi za Mgongo anayekula kiazi cha uwanda anasikia mawazo ya waliokufa kwa usiku mmoja. Hadhuriki. Haugui, hazeeki haraka, halipi kwa damu yake kama ilivyozoeleka kwenye vitabu vya namna hii. Uwanda ndio unaopungua. Mfalme akitaka kusikia ushauri wa babu zake kila usiku, kuna mtoto anachimba kila mchana, na kila mwaka anatembea mbali zaidi kukifikia kilichobaki. Sekela ni mtoto huyo. Wanaouliza kwa nini shujaa wangu ana jembe badala ya upanga, ndiyo sababu.

Na kuna kitu sitakiandika, hata mkiomba. Wapo walioniambia ningeongeza ukali: kiungo cha mtu, bibi mwenye macho mekundu, mganga wa usiku. Hapana. Nchi yetu imezika watu wenye ualbino waliouawa kwa sababu kuna aliyeaminishwa kwamba mfupa wao ni utajiri. Imezika vikongwe waliokatwa mapanga kwa macho mekundu, na macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka sitini jikoni. Hadithi ina nguvu ya kumzoesha mtu jambo. Ndani ya dunia yangu kuna wabaya wengi, wapo hata wanaokula watu, lakini hakuna mwili wa binadamu unaompa mwingine uwezo. Hiyo ndiyo kanuni pekee niliyoiandika ukutani kabla sijaandika sura ya kwanza.

Mapanga yanatoka wapi, anauliza fundi mmoja wa kuchomelea wa Makambako, na swali lake limenifurahisha kwa sababu hakuna mwingine aliyejali. Jeshi lina mikuki elfu kumi, fundi yuko wapi? Ndugu yangu, fungua tena sura ya malungu. Kule Ufipa wahunzi walijenga tanuru za udongo ndefu kuliko mtu, zikaitwa malungu, zenye matundu chini kuzunguka pande zote. Zilivuta hewa zenyewe, bila mivukuto. Zikawaka siku kadhaa, kilichotoka kikawa bado kina uchafu, kikapelekwa kwenye tanuru dogo la pili, hilo sasa lenye mivukuto, ndipo chuma kikawa chuma. Baadhi ya malungu bado yamesimama porini. Wakinga na Wapangwa nao walikuwa wahunzi hodari, na majembe yao yalisafiri mbali. Hivyo mhunzi kwenye kitabu changu ana cheo kuliko mpiganaji, na mpiganaji anamwamkia.

Lile jiwe la chuma lililoanguka kutoka mbinguni, ambalo hakuna nyundo inayoliweza? Kimondo cha Mbozi. Tani 16 hivi. Nilibadilisha rangi tu.

Mnauliza mbona hakuna theluji, ngome za mawe na farasi. Kwa sababu nimeandika nchi yenye jalidi ya Juni, maboma ya udongo na punda, na nilitaka mkono wa msomaji wa Makete au Njombe upate baridi anapofungua ukurasa. Wapo wanaodhani kubuni nchi nzima kwa Kiswahili ni kuiga Wazungu. Shaaban Robert aliitundika Kusadikika angani mwaka 1951, ikiwa na mfalme, mawaziri na mahakama yake. Hatukuanza jana.

Je, Sekela atakufa? Sijibu. Hata wewe shemeji, najua ni wewe uliyemtuma mtoto aniulize.

Je, mvusha watu wa sura ya tisa atarudi? Ndiyo. Sikujua mtampenda kiasi hicho. Nilimweka pale kwa sababu mto ulikuwa umefurika na nilihitaji mtu mwenye mtumbwi.

La mwisho limetoka Songea, kwa msomaji ambaye hakutaka kuficha kabila lake wala hasira zake. Anasema Watu wa Ngao, wanaokuja kutoka kusini, kila wakitokea wanapigwa. Sehemu ya kwanza wanapigwa, sehemu ya pili wanapigwa mara mbili. "Sisi tunajijua," anasema, "na wewe tunajua unatoka wapi."

Mtani wangu, karibu. Ni kweli kwamba kati ya mwisho wa miaka ya 1870 na mwanzo wa 1880 Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali, na ni kweli kwamba hakuna aliyemmaliza mwenzake. Walichoshana wakaacha, na watoto wao wakarithi utani. Ndiyo maana leo unaweza kuniita mla mbwa mbele ya watoto wangu na mimi nikalazimika kucheka. Ila utani una utaratibu wake. Madai yako yatunze vizuri, usiyapunguze. Siku yangu ikifika, utapanda basi uje Iringa, utakaa juu ya jeneza na kukataa lisitoke, utasoma kurasa zote ulizochukia kwa sauti mbele ya waombolezaji, na ndugu zangu watakulipa ndipo unipishe nikazikwe. Hiyo ni haki yako na hakuna atakayekunyang'anya.

Kabla ya hapo kalamu iko kwangu, na kwenye sehemu ya tatu mnapigwa tena.